Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe

Nakumbuka Jumamosi moja ya Desemba, mwanangu, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na tatu, nafanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya Dallas. Nilikuwa naishi Lewisville, mji wa jirani, kwa dada yangu, na wikiendi zangu zilikuwa za kikundi chetu cha maigizo. Kila Krismasi tulizichezea familia mchezo wa vichekesho na nyimbo: mwanamume mwenye ndevu anavaa gauni awe mjane, tajiri mchoyo ananyata, na watoto ukumbini wanapiga kelele, "Yuko nyuma yako!" Tulikuwa Warundi, Wakongo, Wakenya na sisi Watanzania, na aliyetuongoza ni Bibi Veneranda, mama mzee wa Kirundi aliyeshona mavazi yote kwa mkono wake.

Mwaka huo nilitaka kuwa malkia. Nikapewa miguu ya nyuma ya ng'ombe wa mjane. Ng'ombe mwenyewe alikuwa blanketi la kahawia lenye watu wawili ndani. Mimi nilipaswa kuinama nimeshika kiuno cha kaka aliyekuwa kichwa. Sikulalamika. Lakini kazini, sijui nini kilinituma, niliwaambia wenzangu kwamba malkia ni mimi.

Siku ya mchezo nikachungulia pazia, nikawaona wenzangu watatu wamekaa mstari wa pili, wameshika maua. Nikamwendea Bibi, nikamdanganya kwamba mgongo umenikaza. Alinitazama kidogo tu. Akasema pole, nikapumzike, kisha akavua viatu na kuingia mwenyewe ndani ya blanketi, na umri wake ule.

Nikaenda kukaa na wenzangu, nikawaambia nafasi yangu imebadilishwa. Nilimpakata Neema, mtoto wa dada yangu. Ng'ombe akatoka. Watoto wakacheka, lakini miguu ya nyuma ilikuwa inajiburuta. Neema akaacha kucheka. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, ng'ombe anaumwa, mbona hakuna anayemsaidia?

Wakati wa mapumziko nikaenda nyuma ya jukwaa. Bibi alikuwa amekaa juu ya sanduku, anasugua magoti. Nikamwambia ukweli wote, machozi yakinitoka.

"Nilijua mgongo hauumi," akasema. "Mwanangu, watoto hawa wamekuja kumwona ng'ombe. Hawakuja kukuona wewe, wala mimi. Ingia."

Nikaingia. Hata leo siwezi kueleza vizuri mlivyokuwa mle ndani. Taa za jukwaani zilipenya kwenye mishono, vitone vyekundu na vya buluu vikitembea polepole juu ya mikono yangu. Blanketi lilinukia sabuni. Vicheko vya watoto vilinifikia kwa mbali, kama mvua inayokuja juu ya mabati, na kwa muda sikujua kama niko Texas au kwetu Kigoma. Nilijua tu kwamba kila nikiinua mguu, kuna mtoto mahali fulani anafurahi. Sikuwa na uso wala jina. Sijawahi kujisikia mwepesi vile.

Mwisho blanketi likavuliwa, wenzangu wakaniona nimeloa jasho, nywele zimesimama. Walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakanipa maua. Kazini waliniita Ng'ombe hadi kiangazi, nami niliitika. Lakini magoti ya Bibi yalivimba. Wiki mbili nilimpelekea uji nikitoka kazini, na hakunikumbusha kosa langu hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi, mwanangu, ukipewa kazi isiyoonekana, ifanye. Ukiikwepa haipotei, kuna mtu ataibeba, na mara nyingi ni yule asiyeiweza. Na ukikosea, rudi siku hiyo hiyo, aibu ikiwa bado mbichi. Mungu akujalie moyo usiohangaika kutazamwa, akuzungushie watu wanaosamehe bila kusimanga, na watakaokutegemea wakukute mahali pako.