Kompyuta ya Kumwonea Mbeyu

Nyumba yetu ya Changamwe ilinukia iliki. Mama alikuwa akikaanga mahamri ya kuuza asubuhi, na kwa kuwa jikoni hapakutosha watu wawili, jiko lilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Malori yalipita nje yakitikisa vikombe, unga ukaruka, mafuta yakachemka, nasi tukakua katikati ya harufu hiyo bila kuijali. Jumapili iliongezeka harufu nyingine, ya vumbi lililopata moto. Hiyo ilitoka kwenye kompyuta, sanduku jeusi lililokaa kwenye kona chini ya kitambaa cha kufuma. Ofisi aliyofanyia kazi Baba ilikuwa imeichoka, akaomba, wakampa. Hadi leo nikinusa vumbi la moto popote pale moyo hunishuka, nikatamani kuwa na miaka kumi tena, nimekaa chini, nimebanwa na magoti ya Mama.

Kompyuta ile ilikuwa na kazi moja tu, kumwona Mbeyu. Mbeyu ni dada yangu mkubwa, na wakati huo alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikaa mbele ya kioo na nguo zetu za ibada, Baba akampigia, na uso wa Mbeyu ukatokea. Basi hapo ndipo salamu zilipoanza, na watu wa kwetu salamu hawazikati. Shikamoo Baba, marahaba, u mzima? Mzima, sijui nyinyi? Bibi wa Rabai hajambo? Mguu wake je? Na mama mchungaji? Na yule mbuzi? Kabla hatujafika kwa mbuzi, kompyuta ilikuwa imeshachemka, feni inalia, na picha imeganda. Mbeyu alibaki pale mdomo wazi, anatabasamu, hasogei. Mimi nilikuwa mtoto wa mdomo, nikamwambia Mama siku moja, "Si uruke salamu, uulize unachotaka?" Weee! Alinigeukia. "Nimwanze mwanangu na maswali kama askari? Kwani mimi nimemzaa au nimemwajiri?"

Alichotaka Mama kilijulikana na nyumba nzima. Alitaka kumwona Mbeyu akisimama, akigeuka, akienda, apate kujua kama kweli yu mzima. Kwenye simu ya kawaida Mbeyu alisema yu mzima kila mara. "Sauti anaweza kuikaza," Mama alikuwa akisema, akikigusa kile kioo kilichoganda kwa ncha ya kidole. "Nataka kumwona mwili." Nilimchukia mno yule Mbeyu wa kuganda. Hakuwa dada yangu, alikuwa picha ya ukutani.

Jirani yetu Baba Achieng, mtu wa Kisumu aliyetengeneza kompyuta za ofisi mjini, ndiye aliyetupa matumaini. Alisema mashine yetu ni mzee, na prosesa yake, yaani ule ubongo unaofikiri, imechoka. Kazini kwake palikuwa na prosesa mpya kidogo isiyotumika, na wakubwa wake walikubali aichukue. Ila kwanza lazima aangalie kama bodi ya ndani itaipokea. Mama hakusikia hilo la "kwanza". Alhamisi akaipeleka kwenye maombi ya akina mama, na wale mama, ambao hakuna hata mmoja aliyejua prosesa ni nini, wakaiombea kwa machozi kama mgonjwa aliyelazwa.

Jumamosi Baba Achieng akaja na bisibisi. Alichomoa waya, akashika chuma ili kutoa umeme wa mwilini, akafungua ubavu wa lile sanduku. Salaala! Feni ilikuwa imevaa koti. Unga na mafuta ya mahamri vilikuwa vimegandana mabawani, vizito, vya kijivu. Sote tukamtazama Mama. "Kumbe tumekuwa tukiilisha!" akasema Baba, na Baba Achieng akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaitoa prosesa ya zamani, akaifuta, akaiweka kiganjani kando ya ile mpya. Kwa macho zilikuwa mapacha. Lakini pembeni mwa kila moja palikuwa na vipengo viwili vidogo vya kuingiana na vijino vya kwenye bodi, na vya ile mpya vilikuwa vimeshuka kidogo, upana wa punje ya mchele. Aliilaza taratibu bila kuikandamiza. Ikakaa upande.

"Haiingii, Mama Mbeyu."

"Huwezi kuisukuma kidogo tu?"

"Nikiisukuma nitavunja visindano vya chini, tukose hata hii ya zamani."

Mama akaenda kusimama dirishani. Mimi nililia waziwazi, bila haya. Baba Achieng naye hakuondoka. Aliomba mswaki mkuukuu, akaisugua ile feni bawa baada ya bawa, akairudisha prosesa ya zamani mahali pake, na akamwomba Mama, kwa adabu zote, jiko lihamie nje.

Kesho yake tulipiga. Salamu zikaenda, zikapita kwa Bibi, zikapita kwa mama mchungaji, zikafika kwa mbuzi, zikaisha. Haki ya Mungu, ziliisha! Tukatazamana, maana hakuna aliyewahi kufika pale. Mbeyu alikuwa anapepesa macho, yu hai.

"Simama nikuone," Mama akasema.

"Mama nawe!"

"Simama, mwanangu."

Akasimama. Gauni lilimning'inia, na alipogeuka alishika ukuta. Picha haikuganda. Mama akauliza, polepole, "Wanakupa chakula?" Mbeyu akakaa, akajifunika uso kwa mikono. "Kila Jumapili nilikuwa nangoja uniulize," akasema. Baba alikwisha simama, anatafuta viatu, kana kwamba Uarabuni ni pale mtaa wa jirani, Mikindani. Ilichukua miezi na mahangaiko mengi, lakini alirudi.

Sasa Mama ametangulia mbele ya haki, mimi naishi Kisauni na Mbeyu yuko Mtongwe na wanawe. Simu niliyo nayo inaonyesha uso hadi kope, wala haichemki. Tunapigiana nikiwa napika, nikiwa nafua, na salamu zetu ni "uko poa?" Namkumbuka Mama, na naikumbuka sebule nzima iliyovaa vizuri kumngoja mtu mmoja. Jumapili iliyopita Mbeyu alinipigia akasema yu mzima, nikamwambia haya, tutaongea. Nilipokata nikagundua kuwa siwezi kusema alikuwa amevaa nini, wala amekaa wapi, wala kama alitabasamu. Nikazima jiko, nikajitupia leso, nikashika njia ya Mtongwe.