Kisu Kisicho na Msharasi

Léonce Vayssade alikuja dukani kwetu Jumamosi saba mfululizo kabla ya kununua kisu, na katika Jumamosi hizo zote hakuuliza bei hata mara moja. Bei alikuwa akiiona. Iliandikwa kwenye kikadi mbele ya kila kisu: euro arobaini kwa vile vya watalii, zaidi ya mia tatu kwa vile vya pembe ya kondoo dume vinavyokaa ndani ya sanduku, na baina yao, kati ya themanini na mia, vile ambavyo watu wa Aubrac, milima yetu ya Ufaransa, huvinunua ili kuvitumia. Alisimama mbele ya hivyo vya katikati, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini asijue kosa lake.

Mimi ndiye niviunganishaye visu hivyo. Nilisomea kazi hiyo miaka miwili, na Jumamosi huwa ni zamu yangu ya kukaa dukani. Nyumba ya mama yangu inapakana na shamba la akina Vayssade. Kwa hiyo Léonce nilimfahamu tangu utotoni, kwa namna mtu anavyomfahamu jirani asiyezungumza: kwa mwendo wake, kwa koti lake, kwa kukohoa kwake nyuma ya ng'ombe.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Shamba lao halikugawanywa. Kaka yake Firmin alilirithi lote, kama ilivyokuwa desturi, na Léonce akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki. Ila hakuna pia aliyewahi kutaja kuondoka kwake, na miaka ikapita juu ya ukimya huo. Kuanzia tarehe ishirini na tano ya Mei hadi katikati ya Oktoba alikaa na ng'ombe juu mlimani, peke yake, katika kibanda cha mawe. Majira yaliyobaki aliwalisha zizini, akalala katika chumba kilichokuwa juu ya zizi hilo hilo. Alifanya hivyo miaka ishirini na minane.

Kwetu mwanamume haandaliwi kisu mezani. Kila mmoja hutoa chake mfukoni, hukifungua, hukiweka upande wa kulia wa sahani. Katika nyumba za zamani, mwenye nyumba akikifunga chake, chakula kimekwisha, na wote husimama, aliyeshiba na asiyeshiba. Nyumba nyingi zimeiacha desturi hiyo. Kwa akina Vayssade ilikuwa hai. Firmin alikula upesi kama baba yake alivyokula, kwa kisu kile kile cha baba yake, na alipomaliza aliliachia bapa lirudi lenyewe kwa nguvu ya springi. Mlio wake ulisikika mpaka uani.

Najua mlio huo unavyokifanya kisu, kwa sababu kila majira ya baridi mimi ndiye niliyekinoa. Makali yanapoipiga springi huacha pengo dogo katikati ya bapa, na pengo hilo halipungui kwa kunoa tu. Niliwahi kumshauri Firmin alisindikize bapa kwa kidole gumba. Alinijibu kwa adabu kwamba kisu hicho ni kikubwa kwangu kwa umri.

Léonce alikuwa mtafunaji wa polepole. Ng'ombe alimpiga teke zamani, akampunguzia magego mawili. Kwa hiyo mara nyingi kisu cha kaka yake kililia kabla jibini haijamshuka kooni, naye akasimama na wengine. Shemeji yake, Noélie, alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa aproni. Alikunja humo kipande kilichobaki, akampa mlangoni bila kumtazama. Jambo hilo halikuzungumzwa na mtu.

Jumamosi ya kwanza alivipima visu mkononi kimoja kimoja. Ya pili aliuliza kama bapa la chuma cha kawaida hushika kutu. Nikamweleza kwamba hushika likiachwa na unyevu, na kwamba tufaha na jibini hulitia madoa, lakini hunoleka upesi kuliko lile lisiloshika kutu, na anayelipangusa kila anapomaliza kula hana la kuogopa. Alisikiliza kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa. Ya tatu alibakiza viwili.

Vilikuwa kama mapacha. Vyote viwili vilikuwa na mpini wa mtarakwa, ule mti unaonukia ukishika joto la kiganja. Urefu wa sentimita kumi na mbili. Chuma cha kawaida. Tofauti ilikuwa moja. Kimoja kilikuwa na msharasi mgongoni, ule mwiba wa chuma unaokunjuliwa ili kutoboa mkanda wa kengele au kufungua fundo la kamba, na ikiwa ng'ombe amevimba kwa majani mabichi na daktari yuko mbali, kumtoboa ubavuni apumue. Cha pili hakikuwa na kitu. Mchungaji hachukui kisu kisicho na msharasi. Visivyo nao huchukuliwa na watu wa posta, na walimu, na watu wafanyao kazi chini ya paa.

Alichukua chenye msharasi, akaufungua, akaufunga, akakirudisha. Alichukua kile kingine, akakaa nacho muda mrefu zaidi.

Nilimwambia, kwa nia njema, kwamba cha kwanza ndicho kinachomfaa.

“Kinachonifaa nakijua, binti,” alisema. “Sijakuuliza kinachonifaa.”

Ilikuwa Jumamosi ya tano aliponieleza. Kiwanda cha jibini cha ushirika kilimtaka awe mtu wa ghalani, wa kugeuza magurudumu ya jibini na kuyafuta kwa kitambaa cha chumvi. Kulikuwa na mshahara, na chumba juu ya ghala, chenye dirisha linalotazama barabara. Barua ilikuwa ndani ya koti lake tangu Machi. Walitaka jibu kabla ya ng'ombe kupanda mlimani.

Nikamuuliza kama amemwambia kaka yake.

Alikuwa ameanza mara nne, alisema, na mara zote nne mezani. “Nikifika kwenye neno barua, kisu kinalia.”

“Anajua unachotaka kusema?”

“Hajui. Amemaliza kula tu.”

Nilimuuliza kwa nini asimwambie zizini au njiani. Akaeleza kwamba zizini Firmin huwa anatangulia na ndoo, na mtu hawezi kuuambia mgongo. Na zaidi ya hayo, mambo ya nyumba husemwa mezani, ndivyo baba alivyowazoesha. Alisema hayo bila uchungu, kama anayetaja vipimo vya chumba.

Wiki mbili baadaye springi ya kisu cha Firmin ilikatika. Léonce alitumwa akilete kwetu, kikiwa kimefungwa ndani ya leso, pamoja na agizo kwamba kiwe tayari kabla ya Jumapili ya kengele, siku ambayo majirani huja kuwaosha ng'ombe na kuwavisha kengele kwa ajili ya safari, kisha hula pamoja. Niliweka springi mpya. Nililisawazisha lile pengo kwa tupa na jiwe hadi makali yakanyooka tena. Kazi ilikwisha Jumanne, na nikaandika hivyo kwenye daftari, kwa kuwa sijawahi kuchelewesha kazi ya mtu.

Léonce alikuja Jumamosi, mkesha wa kengele. Nilimkabidhi kisu cha kaka yake. Alikifungua, akakifunga kwa kidole gumba, hakikulia. Kisha akaweka noti juu ya kaunta na kuonyesha kwa kidole kile kisicho na msharasi. Nikachukua karatasi ya kukifungia, akanizuia. Kisu cha kaka yake alikitia ndani ya koti, palipokuwa na barua. Chake alikitia mfuko wa suruali.

Siku iliyofuata tulikuwa kumi na wanne mezani. Noélie alipika viazi vya kuponda, akavivuta kwa jibini mbichi mpaka vikanyumbuka kama kamba, na soseji pembeni. Firmin aliketi kichwani pa meza na kisu cha jikoni, cha mpini wa plastiki. Alinitazama mara tu nilipokaa.

“Zamani karakana yenu ilikuwa haichelewi, binti.”

Nilimtazama Léonce. Léonce aliutazama mkate. Nikaomba radhi.

Jirani yetu Albin, ambaye hawezi kuona ukimya bila kuutia maneno, alisema kwamba leo Firmin hana kufuli ya kufungia chakula, na kwa hiyo tutakula mpaka Krismasi. Watu wakacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Firmin alimaliza kwa kawaida yake, akakilaza kisu cha jikoni kando ya sahani, akangoja. Hakuna kilicholia, na hakuna aliyesimama. Noélie alileta jibini mara ya pili. Léonce akakata kipande, akakitafuna mpaka mwisho, akameza. Akakata kingine. Nilikuwa sijawahi kumwona akimeza akiwa ameketi.

Ndipo Albin alipokiona kisu kipya cha Léonce.

“Lete nikione, bwana harusi.” Alikigeuza mgongo na tumbo. “Mwiba wake uko wapi?”

“Hakina.”

“Hakina? Na ng'ombe akivimba huko juu, utamtoboa kwa meno? Nayo hayakutoshi hata kwa jibini.”

Walicheka tena, na Firmin pia alitabasamu. Léonce alinyoosha mkono arudishiwe kisu chake, akakiweka mahali pake, kulia kwa sahani.

“Sitakuwa huko juu,” alisema.

Firmin alimuuliza amesema nini. Léonce aliitoa barua, iliyochakaa mikunjoni, akaiweka mezani. Aliyasema yote kwa sauti ya chini, akiuelekea mkate: ghala, chumba, tarehe ishirini na tano. Nilimwona Firmin akipeleka mkono upande wa kulia wa sahani bila kutazama. Ulikutana na kisu cha jikoni. Vidole vililishika bapa na kulisukuma, kama vinavyotafuta mahali pa kulikunja. Kisha vikaliacha.

“Tangu lini?”

“Tangu Machi, kaka.”

“Na unaniambia leo, mbele za watu.”

“Leo ndipo uliponisikia.”

Léonce akaingiza mkono tena ndani ya koti, akatoa kisu cha baba yao, akamsogezea kaka yake juu ya kitambaa cha meza. “Na hiki kilikuwa tayari. Binti hakuchelewa. Nimekaa nacho mimi.”

Firmin alikifungua. Aliyatazama makali niliyoyanyoosha, akapitisha ukucha pale palipokuwa na pengo. Kisha akaliachia bapa. Springi ilikuwa mpya. Mlio ulikuwa mkali kuliko wa zamani.

Tulisimama. Wote kumi na wanne tulisimama, nami nikiwa na leso mkononi na soseji nusu katika sahani. Na aliyetangulia kusimama alikuwa Léonce. Nadhani alikuwa wima kabla ya kujua kwamba amesikia, kipande cha jibini kikiwa bado kati ya vidole vyake. Noélie alitia mkono kwenye aproni, akatoa karatasi.

Tarehe ishirini na tano ng'ombe walipanda. Firmin alitangulia na fimbo. Nyuma, mahali ambapo kwa miaka ishirini na minane alitembea Léonce, alikuwapo mtu wa kuajiriwa kutoka bonde la pili. Léonce alisimama nasi kando ya barabara, asijue aweke wapi mikono. Alipopita mbele yetu, Firmin hakusimama, ila aliuliza, “Chumba kina jiko?”

“Kina.”

“Haya.”

Ng'ombe wa mwisho alipotupita, Léonce alipiga hatua mbili kumfuata. Kisha akasimama, akaitazama miguu yake.

Alikuja dukani mwezi wa Oktoba, kisu kikihitaji kunolewa. Nilikifungua juu ya kitambaa. Makali hayakuwa na pengo lolote. Alikuwa akikifunga kwa kidole gumba, kama inavyopasa. Lakini bapa lilikuwa limeliwa na madoa pande zote mbili, meusi, yenye umbo la vipande vya jibini, madoa ya kisu kilichoachwa wazi bila kupanguswa kwa saa nyingi, siku baada ya siku. Nilishangaa. Nilikuwa nimemweleza, naye alikuwa amesikiliza.

Nilimuuliza chumba kikoje. Alisema ni kizuri, na magari hayapiti mengi. Nikamwonyesha madoa.

Alisema kwamba anapokula peke yake hukiweka kisu upande wa kulia wa sahani, humaliza, kisha huketi. Si kwamba anamngoja mtu, alisema. Anajua hakuna mtu. Ila mkono hauendi. Hungoja kidogo, kisha huenda kulala, na asubuhi hukikuta wazi pale pale.

Niliyaondoa madoa yaliyokubali kuondoka, nikakinoa, nikakipaka mafuta. Kwa kawaida mimi huvifunga visu vya wateja kabla ya kuwakabidhi, ndivyo tulivyofundishwa. Kile nilikilaza juu ya kaunta kikiwa wazi, nikageuka kuandika kwenye daftari, nikaandika polepole.

Nyuma yangu sikusikia kitu; bapa lililosindikizwa kwa kidole gumba halilii. Nilipogeuka, kaunta ilikuwa tupu, naye alikuwa anavaa kofia.