Siku Niliyounguza Pamba ya Mzee Masanja

Hili hata mama mzazi sijamsimulia, kwa hiyo nanyi mcheke taratibu. Nilikuwa Bariadi nafanya field, mwaka wa pili chuoni, kwenye shirika dogo linalohamasisha watu waachane na tumbaku, na msimamizi wangu, dada Neema, akaniambia, "Limi, kesho kijijini Kasoli utaongea wewe, Kisukuma unacho, mimi nitakaa pembeni." Kichwa kikavimba.

Tukawakuta wakulima nje ya ghala la ushirika wanasubiri kupima pamba, kila mtu na rundo lake juu ya turubai. Nikasalimia, mwangaluka, wakaitikia vizuri, nikatoa chupa yangu ya maonyesho. Ni chupa ya maji ya kawaida tu, ina tundu chini, unaijaza maji, shingoni unaweka pamba ya hospitali, mdomoni unachomeka sigara iliyowashwa, maji yakitoka yanavuta moshi, halafu unawaonyesha watu ile pamba ilivyogeuka rangi ya chai, kwamba ndivyo mapafu yanavyokuwa. Nikapapasa mkoba. Pamba ya hospitali nimeiacha ofisini.

Hapo ningesema tu nimesahau, yakaisha. Lakini pamba imenizunguka kila upande (na mimi mtoto wa Malampaka, kwetu pamba ndiyo ilinisomesha), basi nikaomba konzi moja kwenye rundo la karibu, la mzee Masanja, nikaishindilia na mbegu zake. Ikaziba kabisa. Maji hayatoki, sigara inazima, nawasha tena, inazima tena, watu wananitazama kwa ile huruma inayoumiza kuliko kuzomewa, ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi: nikaichomoa ile sigara, nikaitia mdomoni kwangu, nikavuta ili ishike moto. Nimevaa fulana imeandikwa kifuani TUMBAKU HAPANA.

Sikuwahi kuvuta maishani. Moshi ukanikaba, nikainama nakohoa, machozi yananitoka, na sigara ikaniponyoka. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe huko chuoni ndiko mnakofundishwa," akasema. Nikacheka nao (ungefanyaje?), nikafuta macho, nikaendelea kwa maneno matupu, sigara hata sikuitafuta, nikajua imezimikia mchangani.

Na niliongea vizuri, nawaambia ukweli, watu wakatulia, nikajiona mtaalamu. Nikauliza kama kuna swali. Yule mama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na huo moshi nyuma yako nao ni wa mapafu?"

Nikageuka. Rundo la mzee Masanja lilikuwa linafuka katikati, kimya kimya, bila mwali wowote. Vijana wakaruka, wakaliburuta turubai mbali na ghala, wakalipasua rundo kwa mikono, wakakanyaga, wakamwaga maji, dada Neema amevua kitenge chake anapigapiga nacho, na mimi nimesimama tu na chupa mkononi. Ghala lilipona na marundo ya wengine yalipona. La mzee Masanja likabaki nusu, na hiyo nusu imelowa na inanuka moshi.

Mwenyewe akaja akasimama mbele yangu. Nikangoja matusi.

"Ng'wanone," yaani mwanangu, akasema polepole, "mimi sigara navuta tangu ujana, na pamba nalima tangu ujana. Sijawahi kuichoma."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu, nikaomba msamaha kwa Kisukuma.

Fidia ofisi iliishughulikia, lakini mimi moyo haukutulia. Pamba yake nyingine ilikuwa bado shambani, basi kila Jumamosi mpaka field ikaisha nilikwenda kuchuma naye, bila kutumwa na mtu. Siku moja tumepumzika akatoa sigara yake, akanitazama, akainuka akaenda kuivutia kule barabarani, peke yake. Aliporudi akakaa karibu yangu.

"Haya, niambie yale uliyowaambia wenzangu. Mimi yote yalinitoka kichwani nilipokuwa nazima moto."

Nikamwambia yote, bila chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana, na sigara hajaacha, nisiwadanganye, ila ndani ya nyumba wanamolala wajukuu wake havuti tena.

Nami niliapa. Siku hizi nikisahau kitu nasema mbele ya watu wote kwamba nimesahau, kisha nakaa chini.