Wa Kwanza Anafuata Nani

Alhamisi ndiyo siku yetu. Muuza dagaa anapanda kutoka Lamadi na mzigo wake, anagawia wateja wake wa Bariadi, kisha anakuja kukaa kibandani kwangu, juu ya furushi la vitenge ambalo sijalifungua. Kila Alhamisi namwambia anautia mzigo wangu harufu. Kila Alhamisi ananijibu kwamba harufu hiyo imesomesha watoto watatu. Watoto wake ni wanne, nimewahesabu, lakini mmoja aliikimbia shule na yeye, mama yake, humtoa kwenye hesabu panapohusika elimu.

Wa tatu wetu ni Fundi, mwanamke mwenzetu. Cherehani yake iko hatua kumi na moja kutoka meza yangu. Zamani zilikuwa kumi na tatu. Anasogea kidogo kidogo akifuata kivuli cha turubai langu, anadhani sioni.

Tumesoma darasa moja, sisi watatu, na tangu hapo hatujaachana zaidi ya msimu mmoja wa pamba. Mazungumzo yetu yanajulikana. Muuza dagaa anaeleza mpira wa jana, kwa sababu anasikiliza mechi zote redioni na ana ugomvi wa kudumu na makipa. Fundi, akiacha kushona vya watu, anafuma vitambaa vya makochi. Amefuma hadi makochi yake hayaonekani, sasa anafumia ya majirani. Mimi starehe yangu ni kuuliza bei ya vitu nisivyonunua. Wenzangu wanasema hiyo si starehe, ni usumbufu. Ila wakitaka kununua kitu, wanakuja kuniuliza mimi kinauzwaje.

Alhamisi ninayoisema, Fundi hakufuma. Alikuwa na habari, na alikuwa na hasira, na vyote viwili vilitoka kwenye simu moja.

Habari yenyewe ilikuwa njema. Binti yake aliyeolewa Mkula amepiga ultrasaundi, na tumboni wako wawili. Muuza dagaa alipiga makofi. Mimi niliuliza kama wamehakikisha, maana kwenye picha zile kitu kimoja kinaweza kuonekana mara mbili. Fundi akasema wamepima mara mbili. Nikaridhika.

Hasira ilitoka kwa mkwe. Mama mkwe wa binti alipiga simu kutoa pongezi, akajipongeza mwenyewe. Akasema mapacha ni wa damu yao. Kwao wamejaa, kuanzia babu hadi wajukuu, na akamwomba Fundi asiogope, watamsaidia, kwa kuwa wanajua upande wa Fundi hawana uzoefu.

"Eti hatuna uzoefu," Fundi alisema. "Kama vile mapacha ni trekta."

"Ulimjibu nini?" muuza dagaa akauliza.

Fundi akasema angejibu nini, wakati ni kweli? Kwao wamezaliwa sita, mmoja mmoja. Kwa mama yake hivyo hivyo. Mapacha hawajawahi kuwapo.

Hapo ndipo mimi na hesabu zangu tulipoingia mahali tusipoitwa.

Kwa wasiotoka kwetu lazima nieleze. Sisi Wasukuma mapacha hatuwatafutii majina. Wanazaliwa nayo. Wa kwanza kutoka ana lake, wa pili ana lake, tangu zamani. Na mtoto anayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, naye ana jina lake, ambalo maana yake ni hiyo tu: huyu amefuata mapacha. Ukiitwa jina hilo, hata mtu asiyekujua anajua waliokutangulia. Na jina la kuzaliwa la Fundi ndilo hilo. Nimemwita jina hilo tangu tuko darasa la kwanza, kabla hajawa Fundi, na sijawahi kuwaza linasema nini.

Nilimwuliza jina lake alilitoa wapi. Akasema la bibi. Siku hizi ni kawaida, jina linarithiwa bila mambo yake, na anayeitwa jina la aliyezaliwa njaa ikiwapo huenda amezaliwa watu wameshiba. Kwa hiyo jibu lilitosha. Lingemtosha mtu mwingine. Mimi nikauliza bibi yupi, kwa sababu kila mtu ana mabibi wawili.

Akasema mzaa baba. Muuza dagaa akasema hapana. Mwaka jana familia ililijengea kaburi la bibi huyo, picha zilirushwa, na yeye bado anayo kwenye simu kwa sababu hafuti kitu. Akaitafuta, akapita magolikipa wengi, akaipata. Jina lililoandikwa kwenye saruji lilikuwa jingine kabisa. Fundi alilisoma kana kwamba hakuwapo siku ile, wakati kwenye picha ndiye aliyeshika ndoo ya maji.

Basi ni mzaa mama, akasema. Lakini huyo tunamjua wote. Tukitoka shule tulipita kwake tukila michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, na alikuwa akitusimulia jinsi mama yake alivyoshikwa na uchungu akienda kisimani, ndiyo maana akaitwa jina la aliyezaliwa njiani. Mabibi wawili, nimewahesabu mara mbili, hakuna mwenye jina la Fundi.

"Wewe kwenu ni wa ngapi?" nikauliza, ingawa najua.

"Wa kwanza."

"Wa kwanza anafuata nani?"

Muuza dagaa aliniangalia kwa jicho la mtu anayetaka kunikanyaga mguu lakini yuko mbali. Fundi aliinuka. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona upindo wa sketi ya shule, akaufumua, akaushona tena.

Ni lazima mjue ukubwa una maana gani kwake. Kwao yeye ndiye kifungua mimba. Aliacha shule darasa la saba abebe wadogo zake mgongoni wakati mama yao yuko shambani. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyekaa mbele ya wazee. Wadogo zake wawili wa kiume wakitaka kuoa, wanaanza na yeye. Amegombana kwa ajili ya nafasi hiyo, na ameilipia kwa vingi alivyovikosa. Sasa mimi, kwa mdomo wa sokoni, nimemwambia huenda nafasi hiyo ilikuwa ya mwingine.

Jioni, tukifunga, alikuja kibandani. Akasema mama yake ameanza kusahau. Juzi alimuuliza kama mvua za mwaka ule wa nzige zimekwisha. Asipomuuliza sasa, hatakuwapo wa kumuuliza. Lakini akiuliza, anaogopa atamfungua mzee kidonda bure. Akaniomba niende naye Jumapili, nimsaidie kuanza.

"Wewe unajua kuzunguka na maneno," akasema.

Nilikubali. Nilikuwa na deni la ulimi.

Mama yake anakaa ndani ya Dutwa, bodaboda mbili kutoka lami. Tulifika ibada imekwisha. Tulimkuta amekaa kivulini mwa ukuta wa jiko, miguu ameinyoosha, anamenya karanga kwenye ungo. Tukapiga goti, tukamwamkia, mwadila mayu, akaitikia kila mmoja kwa ukoo wake bila kukosea, nikajisemea kwamba huyu anasahau anachotaka.

Nilianza mbali, kama nilivyoagizwa. Niliuliza afya, nikauliza karanga, nikauliza pamba ya mwanawe imetoka vipi. Nikasifu ungo. Nikapita kwenye habari za watoto kwa ujumla, kwamba watoto ni baraka, wakija wengi ni baraka zaidi. Nilikuwa nakaribia. Nilikuwa naona njia.

Mzee akaacha kumenya.

"Wewe muuza vitenge," akasema, "sema bei."

Hayo ndiyo mapatano yangu mafupi kuliko yote. Fundi, ambaye alikuwa ameniomba nizunguke ili yeye asikurupuke, akakurupuka. Akasema mama, binti yangu ana mapacha tumboni, na mimi nina jina langu, naomba uniambie nilimfuata nani.

Mama hakushtuka. Alichukua karanga moja, akaimenya, akala mwenyewe. Kisha akatuambia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Walikuwa wanaishi Mwandoya wakati huo, kwenye mji wa wakwe, ng'ombe wakiwa wengi na yeye bado mgeni. Akajifungua mabasa, ndivyo tunavyowaita mapacha nyumbani, wa kike wote. Wakwe walitaka mambo ya mabasa yafanywe kama inavyotakiwa, na dawa zake na ngoma yake, na nyimbo zake ambazo mtu haimbi mbele ya mchungaji. Baba yake mzazi alikuwa mzee wa kanisa. Akatuma ujumbe kwamba mwanawe amebatizwa na hachezewi ngoma hiyo. Wakwe wakasubiri. Baba yake naye akasubiri. Wakati pande mbili zinasubiriana, watoto wakashikwa na homa, wakaondoka wote ndani ya juma moja.

Wakwe wakasema ni kwa sababu ngoma haikuchezwa. Baba yake akasema ni kwa sababu waliiwazia. Yeye alilia siku moja, akaambiwa na upande huu kwamba mabasa hawaliliwi hivyo, na upande ule kwamba anakosa imani.

"Nikanyamaza," akasema. "Kila nilipofungua mdomo, mtu alikuwa ananijibu."

Miaka miwili baadaye akazaliwa Fundi. Bibi mzaa baba, mwenyewe, ndiye aliyempokea na kumtaja jina. Baba yake, yule mzee wa kanisa, hakupinga, kwa sababu jina lile halikuwa la ngoma wala la dawa. Lilikuwa la hesabu tu. Ndicho kitu pekee walichokubaliana. Kisha wakahamia Dutwa, ambako, ukiacha wazazi wake, hakuna aliyejua, na watu walipoona mtoto mmoja mgongoni, wakasema huyu ndiye wa kwanza. Hakuna aliyewasahihisha.

"Mama, mbona hukuniambia?" Fundi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

"Nilikuwa nakuambia kila nilipokuita."

Mimi nilisogelea ungo. Pale nilichukua karanga, nikaanza kumenya.

Fundi aliuliza mengine. Aliuliza walizikwa wapi, akaambiwa nyuma ya mji wa zamani, na mji wenyewe sasa umelimwa pamba na watu tusiowajua. Aliuliza nani alitangulia kutoka. Mama yake akasema, bila kufikiri, kwamba aliyetangulia alikuwa wa kulia sana, na wa pili alikuwa mzito na mvivu wa kunyonya, hadi umbonyeze shavu. Akaonyesha kwa kidole chake kwenye shavu la Fundi jinsi alivyokuwa anabonyeza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu akabonyezwa shavu, akatulia.

Mama mwenyewe akaendelea bila kuulizwa. Kwamba walikuwa hawalali mpaka walazwe mgongo kwa mgongo. Kwamba mmoja alikuwa na alama sikioni. Mwanamke anayesahau kama mvua za nzige zimekwisha alikuwa anakumbuka sikio, la kushoto. Alipomaliza akamwambia Fundi akachote maji, na Fundi, ambaye kwa kawaida angewatuma watoto wa mdogo wake, akainuka akaenda mwenyewe.

Tulirudi barabarani mchana. Kituoni Dutwa, tukisubiri gari, Fundi aliwapigia wadogo zake, mmoja baada ya mwingine, wote watano. Habari aliieleza kwa maneno yale yale, bila kupunguza. Mdogo wa kwanza alilia. Wa tatu akauliza kama kuna michango. Wa mwisho, ambaye mwezi ujao anapeleka mahari, alikuwa na swali jingine. Nilikuwa karibu na simu, nilimsikia.

"Sasa dada," akasema, "kwenye kikao mkubwa atakuwa nani?"

Fundi alitazama barabara. Gari la Bariadi lilikuwa linakuja, tupu nusu.

"Ni mimi," akasema. "Wakubwa zangu hawapo, nakaimu."

Akakata simu, akapanda gari mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuniachia mimi nipatane nauli. Alimuuliza kondakta ni kiasi gani, akalipa alichotajiwa, akakaa dirishani. Tulilanguliwa. Nikakaa pembeni yake.