Mpira Uliokuwa Ukitoka Nje

Mimi na Victorine tumechoka. Nasema hili mapema ili asinisumbue mtu anayetaka hadithi ya ushindi. Mimi ni magoti, yeye ni bega la kulia. Hata hivyo kila asubuhi anafungua uwanja wa tenisi hapa Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, Kongo, anafagia sakafu ya udongo wa kichuguu tulioupondaponda wenyewe, nami nakaa kwenye benchi kulalamika. Nimemzidi miaka sita, kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Ndiyo heshima pekee iliyonibakia uwanjani.

Vita vilipotufungia Kindu tulikuwa na mipira sita. Treni haikuja tena, na nyuma ya ukuta wa uwanja palikuwa na majani marefu ambayo mtu mwenye akili hakuyaingia, maana hakujua atakutana na nani mwenye bunduki. Mpira uliovuka ukuta ulikuwa umekwenda. Ilipobaki minne nikatunga sheria: mpira ukitoka nje, ukiudaka kabla haujavuka, pointi ni yako, ukiuacha upite, umepoteza. Niliitunga mimi, Pélagie, wala sikumwomba mtu ushauri.

Sheria hiyo ndiyo iliyomlea Victorine. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, tumbo tupu kama sisi sote. Hakupiga kwa nguvu hata siku moja. Alikata mpira chini kwa chini, ukafa mara tu baada ya wavu. Ukimrudishia, alikata tena, mpaka subira ikuishe. Na mpira wowote ulioelekea ukutani aliufuata mbio, mkono wa kushoto umenyooka, akaudaka hewani. Alinishinda mpaka nikamchukia, nasema kweli. Vita vilipopoa, watu wa mji wa Kalima nao wakaleta bingwa wao, akarudi kwao ameshindwa.

Mwaka 2004 tulipanda ndege ya mizigo, tumekalia magunia, kwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa. Aliyefika fainali angeingia timu ya taifa, na Victorine hakutaka kitu kingine duniani.

"Yaya, nikiingia mu ekipe ya taifa," aliniambia njiani, "nitajua hii miaka haikupita bure."

Nusu fainali alikutana na msichana mrefu, anayepiga kama anapasua kuni. Victorine alimchosha saa mbili nzima, mpaka ikabaki pointi moja ashinde. Yule mrefu akapiga kwa hasira, mpira ukapaa nje ya mstari, kila mtu akauona unatoka. Ungeachwa tu uanguke, mambo yangekwisha. Victorine akaukimbilia, akaudaka kwa mkono wa kushoto, vizuri kabisa, akageuka akicheka.

Nami nikasimama nikapiga makofi. Uwanja mzima, mimi peke yangu.

Mwamuzi akampa pointi yule mrefu. Ukigusa mpira kabla haujaanguka umepoteza, hata kama ulikuwa unakwenda nje. Ndiyo sheria ya dunia nzima, isipokuwa ya kwetu. Baada ya hapo miguu ya Victorine ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alishindwa, tukarudi juu ya magunia. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Sasa anafundisha wasichana, na mipira wanayo ndoo nzima. Somo la kwanza ni lile lile kila mwaka: wanasimama nyuma ya mstari, mikono mgongoni, yeye anapiga mipira ya nje, wao wanaiacha ipite. Jana Joëlle, aliye mkali kuliko wote, aliuacha mmoja ukavuka ukuta bila hata kugeuza shingo. Nikaona mkono wa kushoto wa Victorine ukinyanyuka wenyewe.

Ndipo ikanitoka, imechelewa miaka ishirini: "Victo, ile sheria ya kudaka ni mimi njo niliileta. Unisamehe."

Alikuja kukaa karibu nami, akijikanda bega.

"Yaya, bila ile sheria mipira ingeisha mwezi moja. Na bila mipira, ile vita tungeipitisha namna gani? Mi ningekufa na mawazo."

"Lakini ulikosa ekipe."

"Nilikosa, ndiyo. Mpaka leo inaniuma."

Kisha akachukua panga, akazunguka nyuma ya ukuta kuutafuta mpira wa Joëlle, ingawa ndoo imejaa mingine. Nikainuka na magoti yangu, nikamfuata kwenye majani.