Dada Yangu wa Kwenye Simu

Mama alipokuwa na kabambe, ile simu ya vibonyezo, mimi ndiye niliyekuwa binti yake. Mdogo wangu yuko ng'ambo, ni nesi. Enzi hizo akipiga, Mama alikimbia hadi langoni, ambako mtandao ulishika, akapayuka maneno mawili matatu na laini ikakatika. Kisha alirudi jikoni, kwangu. Nilikuwa nikimtosha.

Halafu mdogo wangu akamtumia simu ya kioo, na mjinga aliyemfundisha Mama kuitumia ni mimi.

Tangu hapo Jumapili zetu za Moiben, nyumbani kwa Mama, ziliharibika. Natoka kwangu mjini, Munyaka, nikishamaliza ibada, nafika, nasafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nakata majani ya ng'ombe. Simu inalia. Mama anaifuta kioo kwa leso, anaiegemeza kwenye kopo la sukari, na mdogo wangu anatokea mzima mzima, kucha zimepakwa rangi. Mimi nanuka zizi.

Kwetu kikombe cha kwanza cha mursik hupewa aliyetoka mbali. Basi siku moja Mama alikimimina, akakiweka mbele ya simu.

"Mama, huyo hawezi kukunywa," nikasema.

"Wacha akunywe na macho."

Wakaongea hadi mdogo wangu akaenda kazini. Ndipo Mama akanisukumia kile kikombe. "Kunywa basi hiyo ya dada yako."

Nilikunywa. Niliona wivu, tena wivu wa kitoto, mtu mzima kama mimi mwenye watoto wa sekondari.

Nikaamua kwamba na mimi nitakuwa wa mbali. Nilinunua simu ya kioo, na Jumapili iliyofuata sikwenda. Nilibaki na nguo ya kanisa, nikajipaka mafuta, nikakaa dirishani penye mwanga, nikampigia Mama kwa video.

Alishika mara moja. Nikaona giza, kisha kipande cha kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa ameiweka sikioni.

"Mama, shika mbele ya uso, unione."

"Nikuone ya nini? Si wewe ni wa hapa. Sasa umefika wapi? Ng'ombe wamesimama hapa wanakungoja."

Nilivua nguo ya kanisa, nikaenda kutafuta gari la Moiben. Njia nzima sikuweza kuamua kama nimependwa au nimetumwa.