Mjusi Aliyeninyamazisha Katikati ya Rozari

Leo mjusi ameniondoa katika kuongoza rozari.

Mjukuu wangu anamfuga sebuleni, katika sanduku la kioo. (Anakula mende. Sisi ndio tunaowawinda jikoni.)

Nilikuwa nimetangaza: akivuruga sala, anatoka leo hii.

Majirani walipoketi, nikaanza. Naye akalia: "Toke! Toke!" Nikapaza sauti. Akanizidi.

Majirani wakainama, mabega yakitikisika.

Mjukuu akaninong'oneza mimi babu yake: "Kambo, uyu iko mwanaume. Anawaza muko mwanaume mwenzake, munataka nyumba yake. Munyamaze kwanza."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Mke wangu akaongoza hadi mwisho.

Nilipoliinua sanduku kulitoa, mke wangu akasimama mlangoni.

"Papa, uyu anabakia. Miaka yote nilikosa muntu wa kukunyamazisha!"

Mnaonaje, nimpe na kiti changu?